Nilivyoyasafisha Mabawa ya Wifi

Wifi yangu hushona viti vya magari, na mji mzima humwita Mama Viti, jina ambalo yeye analipenda na mimi ninalipinga. Ninalipinga kwa sababu za msingi, ambazo nimezieleza mara nyingi wakati wa chakula mbele ya mume wangu, ambaye ni kaka yake, na ambaye kila ninapoanza kuzieleza hukumbuka ghafla kwamba gari halijaoshwa. Hoja yangu ni kwamba mwanamke aliyeivisha ndege ya kivita mabawa yake, akayashona kwa mkono mpaka ikaruka, hastahili kuitwa kwa jina la kitu kinachokaliwa. Wifi hunisikiliza mpaka mwisho. Kisha hulibana pindo la gauni langu kwa vidole viwili, kama anavyomfanyia kila anayesimama karibu naye, na kusema, "Aliyekushonea hapa, wifi, alikuwa na haraka zake."

Alianza na maturubai. Baba yao alikuwa na karakana ya kushona maturubai ya malori, chumba kirefu kilichonuka grisi na kamba mbichi, na kati ya watoto wake wote ni huyu tu aliyekuwa na mkono wa kuisukuma sindano ikapita. Mume wangu alijaribu, akajichoma, akahamishiwa kwenye kupokea simu, kazi ambayo mpaka leo anaifanya kwa ustadi mkubwa. Kutoka kwenye maturubai wifi aliingia kwenye makochi, na kutoka kwenye makochi akaingia kwenye viti vya magari, wakati uleule ambapo mumewe alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaipata pamoja na mke. Habari hiyo ilimkuta katikati ya kiti cha basi dogo. Anasema alikimaliza kiti kwanza. Watoto wake wamesomeshwa na cherehani moja nyeusi ambayo huizungumzia kama mtu mwenye maringo: leo amegoma kula uzi, leo ameamka vizuri.

Siku hizi viti vimeanza kumkimbia. Watu hununua vifuniko vilivyokwisha kushonwa kiwandani, wakavivalisha wenyewe kama soksi, na vibanda vya mafundi wa viti katika mtaa wake vimekuwa vikigeuka kimoja kimoja kuwa vibanda vya kuuzia vioo vya simu. Kibanda chake ndicho kilichobaki. Ndiyo maana nitakayoyasimulia hapa yalikuwa na uzito kuliko nilivyoyachukulia mimi siku ya kwanza.

Ndege iliingia maishani mwake kupitia kiti, kama mambo yake yote. Rubani mmoja mstaafu, ambaye sote tunamwita Kapteni, alimletea kiti cha chuma kilichopinda akataka kivishwe ngozi. Wifi alipokipeleka kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichoko nje ya mji, aliikuta bandani ndege ya kivita ya zamani, ya aina ile yenye mabawa juu na mengine chini, ikiwa imevuliwa nguo zote, mbavu nje, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Akauliza nani ataivisha. Akaambiwa wanasubiri mtaalamu. Akauliza mtaalamu huyo anafanya nini hasa, na walipomweleza akasema hilo si jambo la kumsubirisha mtu. Wakampa fremu ndogo ya majaribio na kipande cha kitani. Akaiharibu. Wakampa ya pili, akaiharibu kidogo. Ya tatu ikapita, na tangu siku hiyo husimulia kana kwamba zile mbili hazikuwahi kuzaliwa.

Bawa la ndege ya aina ile ni mbavu za mbao zilizovishwa kitani. Kitani hukazwa kwa dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, lakini dawa peke yake haitoshi. Upepo ungekivuta kitambaa kikapanda juu kama puto. Kwa hiyo bawa husimamishwa wima, mtu mmoja huku na mwingine kule, na kila ubavu hushonwa kwa uzi uliopakwa nta na sindano ndefu kama mkono wa mtoto: inaingia upande huu, inatokea upande ule, inarudishwa, linapigwa fundo, wanasogea upana wa kiganja, wanaanza tena. Juu ya mafundo hubandikwa utepe, kisha dawa tena, kisha rangi. Mwisho wa yote hubaki safu za vivimbe vidogo chini ya rangi, na vivimbe hivyo ndivyo vinavyolishika bawa. Haya yote ninayaeleza sasa kwa ufasaha. Siku niliyokwenda kuipiga picha ndege hiyo sikujua hata moja, kwa maana katika miaka yote ambayo wifi aliitumia ndani ya banda lile, mimi niliyekuwa nikimtetea kila jioni sikuwahi kwenda kumwona akishona.

Nilichojua ni kwamba alihitaji picha. Katika mji mwingine ipo karakana kubwa inayofufua ndege za zamani, na mkuu wake alikuwa amesikia habari za Mama Viti. Alimpigia simu, akamwambia wana ndege zinazosubiri kuvishwa, kazi ya miaka, na kwamba kabla ya kumwita alitaka kuona picha za mishono yake kwenye bawa lililokwisha kukamilika. Wifi hakuwa na picha. Wanaume wa bandani walikuwa wamepiga picha nyingi mno wakati wa kazi, na zote ni za injini. Na ndege yenyewe ilikuwa imepata mmiliki mpya. Kapteni alikuwa aipeleke kwa mmiliki huyo Alhamisi.

"Nitakupigia mimi," nikasema. "Picha za kazi ya mwanamke zipigwe na mwanamke."

"Si wewe huwa unasafisha tu?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa sahihi. Nina shahada, tena ya daraja zuri, na kwa shahada hiyo kampuni inayochapa kalenda imeniajiri niketi mbele ya kompyuta niwaondolee wakurugenzi wa makampuni mifuko ya chini ya macho. Ninaondoa makunyanzi, madoa, nyaya za umeme zinazokatiza anga, na mara moja nilimwondoa shemeji wa mkurugenzi katika picha ya familia, kwa maagizo. Nikamjibu wifi kwamba anayejua kasoro za picha ndiye anayejua kupiga picha isiyo na kasoro. Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliirudia garini.

Jumamosi alasiri tulifika kiwanjani nikiwa na kamera ya kampuni niliyoiazima, lenzi ambazo matumizi yake nilikuwa nimeyasoma asubuhi hiyo, na hotuba. Ndege ilikuwa imetolewa nje, imezungushiwa kamba, na kando ya kamba alisimama msimamizi wa kiwanja, mwanamume mwembamba asiyevua kizibao chake cha njano hata akiwa anakula, na ambaye kwa sababu hiyo huitwa Kizibao.

"Picha zinapigiwa nje ya kamba," akasema.

Nilikuwa nikisubiri mtu wa kuniambia hivyo. Nilimwuliza kama anafahamu ni nani aliyeishona ndege anayoilinda. Nilimwuliza kama katika hotuba ya shukrani iliyotolewa siku ilipopakwa rangi, ambamo walishukuriwa wafadhili, mafundi mitambo na hata hali ya hewa, alisikia jina la mwanamke yeyote. Nilimweleza kuhusu kazi isiyoonekana, nikampa historia yake kwa ufupi, na nilikuwa naelekea kwenye sehemu ya kamba kama ishara ya mengi zaidi ya kamba nilipogundua kwamba Kizibao alikuwa ameiinua kamba hiyo muda mrefu, akibadilisha mikono, na kwamba wifi alikwisha pita chini yake na alikuwa amesimama penye bawa akitusubiri.

"Mimi nilisema tu watu wanapigia nje," Kizibao akasema. "Huyu si watu. Huyu ni Mama Viti. Nimekaa naye upande wa pili wa hilo bawa miaka miwili, narudisha sindano."

"Wewe ndiye uliyekuwa unarudisha sindano?"

"Sasa nani? Kapteni?"

Wifi akaita kutoka kule, "Mwache apite, Kizibao, akianza tena tutashindwa na jua."

Nikapita. Na hapo nikakutana na ndege ana kwa ana, na yaliyonipata siwezi kuyaeleza bila aibu. Mimi, ambaye nina maoni makali na yaliyothibitishwa kuhusu vyombo vya kuulia watu, nilisimama mbele ya chombo cha kuulia watu nikayasahau yote. Pua yake ilikuwa imeinuka kama ya mtu aliyeombwa kitu asichotaka kukitoa. Pangaboi la mbao lililong'arishwa liliakisi mawingu. Nilipiga picha pua. Nilipiga pangaboi, magurudumu, pua tena. Kapteni akatokea na koti lake la ngozi, akaegemea kwa namna ya mtu aliyeegemea hivyo mbele ya kioo mara nyingi, na nikampiga picha na yeye, nikimwambia, Mungu anisamehe, ainue kidevu.

Wifi alikuwa akisema kitu. Nilimsikia kama unavyoisikia redio ya jirani.

"Mabawa, wifi. Piga mabawa. Jua ndiyo hili, linakuja kwa ubavu. Piga yaonekane."

"Yataonekana," nikasema, nikiwa nimepiga magoti chini ya pua.

Hata hivyo niliyapiga mabawa, dakika za mwisho kabla jua halijazama, na niliyapiga vizuri. Hilo nalisema kwa uchungu wote. Jua lilikuwa chini, likiyalamba mabawa kwa pembeni, na kila kivimbe kilikuwa na kivuli chake.

Jumapili nikakaa kwenye kompyuta. Za pua zilikuwa safi. Za Kapteni zilihitaji kazi, nikaifanya: nilimpunguzia miaka kadhaa, nikamtumia kama zawadi. Kisha nikafungua za mabawa, nikashtuka. Bawa zima lilikuwa na vipele. Safu kwa safu, kuanzia mbele mpaka nyuma, vipele vidogo chini ya ile rangi nzuri, kana kwamba ndege imelala kwenye mkeka. Nikajiuliza jinsi watu walivyoweza kuharakisha rangi namna ile juu ya kazi ya wifi yangu. Nikakasirika kwa niaba yake. Na kwa kuwa kuondoa vipele ndiyo kazi ninayolipwa, niliviondoa. Kimoja kimoja. Mume wangu alipita nyuma yangu akauliza nafanya nini siku nzima, nikamjibu, "Namsaidia dada yako."

Nilipomaliza, mabawa yalikuwa laini kama sahani. Kwa unadhifu ambao nimekuwa nikijisifia tangu chuoni, nilizihifadhi picha mpya juu ya zile za mwanzo ili pasiwe na mchanganyiko, nikaisafisha kadi ya kamera ili niirudishe kazini ikiwa tupu, na nikamtumia mkuu wa karakana picha hizo moja kwa moja, bila kumwonyesha wifi, kwa sababu nilitaka apigiwe simu ya kuitwa kazini kabla hajaziona, ashangae.

Alishangaa. Jumanne alikuja nyumbani, akakaa jikoni, akaiweka simu yake juu ya meza katikati yetu.

"Wifi, huyu bwana anauliza kwa nini nimemtumia picha za bati."

"Bati gani?"

"Anasema hilo bawa ni bati. Anasema aliomba kitani, mishono. Anasema kama ni utani ameuelewa, ila ana kazi nyingi." Akaikuza picha kwa vidole, akaitazama kwa karibu, kisha akanitazama mimi. "Mafundo yangu yako wapi?"

Mtu mwenye shahada ana njia nyingi za kuliahirisha jibu. Nilianza kwa kumweleza kwamba rangi ilikuwa na kasoro. Nikaeleza maana ya usafi wa picha katika uchapishaji wa kisasa. Nilipofika kwenye neno vipele sauti yangu ilikuwa imekwisha kuelewa kabla yangu, ikawa inapungua yenyewe.

"Umeyatoa," akasema wifi.

"Nilidhani—"

"Umekaa ukayatoa. Moja moja."

"Siku nzima," akasema mume wangu kutoka mlangoni, kwa nia njema.

Wifi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alianza kucheka, kile kicheko cha kimyakimya kinachotikisa mabega, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kiganja, na nilipoanza kucheka na mimi kwa kupata nafuu akaacha. "Lile fundo moja," akasema, "mimi na Kizibao tunalipiga, tunalivuta, tunalipima. Miaka miwili. Wewe siku moja tu. Nani angekushinda?" Akaizima simu. "Zirudishe."

Nikamwambia kwamba haziwezi kurudishwa, na sababu yake. Sikumweleza kwa ufasaha. Akashika pindo la kitambaa cha meza yangu akaanza kulipima kwa vidole bila kulitazama, na nikaona kwamba alikuwa anakifikiria kile kibanda na wauza vioo vya simu pande zote mbili. Ndipo nilipompigia mkuu wa karakana mimi mwenyewe. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, kwamba fundi ni mzuri na mpiga picha ni mpumbavu, maneno ambayo nadhani ni sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kutamka. Akakubali kusubiri mpaka Ijumaa. Baada ya hapo, akasema, ana mtu mwingine.

Ndege ilikuwa inaondoka Alhamisi asubuhi. Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka usiku, na kiwanja kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo Alhamisi kulipopambazuka tulikuwa langoni, wifi, mimi na ile kamera niliyoiazima tena kwa kusema uongo ambao si wa habari hii. Anga lilikuwa limefunikwa na wingu moja pana la kijivu. Kizibao alitufungulia.

"Leo utahutubia kabla au baada?" akaniuliza.

"Leo sina la kusema."

Akamtazama wifi. "Anaumwa?"

Ndege ilikuwa imekwisha tolewa nje, imejazwa mafuta, na Kapteni alikuwa akitazama juu akingojea wingu lipasuke apite. Nilikimbilia bawa. Nikapiga. Nikatazama kioo cha kamera: laini. Nikapiga kutoka chini, kutoka nyuma, nikilala juu ya majani yenye umande. Laini, laini, laini. Katika mwanga ule usio na upande, mafundo yote yalikuwapo, wifi aliyapapasa kwa vidole akinionyesha hili na hili na hili, na kamera haikuona hata moja. Siku niliyotaka bawa liwe sahani nilipewa vipele. Sasa nilitaka vipele.

"Tunataka mwanga wa pembeni," nikamwambia wifi. "Mahali penye giza, halafu mwanga uje chinichini, ulilambe."

Kizibao akasema, "Bandani kuna giza. Na pikapu yangu ina taa."

Ndivyo tulivyofikia uamuzi kwamba mtu amwombe Kapteni arudishe ndani ndege iliyokwisha kuwa tayari kuruka. Wifi alisema niende mimi, kwa kuwa mimi ndiye msemaji wa wanawake. Nikaenda nikitafuta hoja. Ya haki ya mfanyakazi niliiona nzito kwa saa ile, ya historia ndefu mno kwa wingu lile. Nilikuwa sijaamua nilipomfikia, naye akageuka, akanikazia macho, uso wake ukafunguka.

"Si wewe uliyenipiga ile picha?"

Akatoa simu yake. Ile picha niliyompunguzia miaka ilikuwa ameiweka mbele kabisa, mahali ambapo watu wengine huweka watoto wao. "Mke wangu ameitaka kubwa, ya ukutani," akasema. "Wote waliobaki hapa wananipiga nakuwa mzee. Wewe ndiye umenipata nilivyo."

Nataka ieleweke nilivyojisikia. Nilikuwa na hoja za kweli, zenye mizizi, na hakuna iliyohitajika. Nilimwambia ningependa kumpiga nyingine, bandani, ambako mwanga unamfaa zaidi, upande wa kushoto. Akajishika shavu la kushoto. Kisha akaita watu waje kusukuma.

Tulisukuma sote. Mimi nilichagua mahali pazuri pa kusukumia, panapojitokeza vizuri, na wifi akanipiga kofi mkononi. "Si hapo. Hapo ni kitambaa. Unataka kutokeza upande wa pili?" Nikahamia kwenye nguzo. Ndege iliingia bandani ikirudi nyuma, taratibu, na milango mikubwa ikafungwa ikilalamika. Kizibao akaingiza pikapu kwa mlango wa pembeni, akaisogeza mpaka taa zake zikawa usawa wa bawa la chini, karibu na ncha, zikiangaza kwa urefu wake wote.

Akaziwasha.

Mafundo yakatoka. Sina namna nyingine ya kulisema. Safu ya kwanza ikatoka, ya pili, kisha zote hadi kwenye mwili wa ndege, kila fundo na kivuli chake kirefu, zikiwa zimenyooka kama mistari ya daftari. Nilikuwa nimeyaona hayo yote Jumapili kwa ukubwa maradufu, na sikuwa nimeyaona. Wifi alisogea polepole kandokando ya bawa, mikono nyuma, kama mtu aliyetembelea nyumba ya mwingine. 

Kisha akainama. "Kizibao. Njoo hapa. Hili ni nini?"

Kizibao akaja, akainama. Katika safu ya nne lilikuwapo fundo moja lililokimbia mstari, dogo, limelala upande.

"Hilo ni lako," akasema Kizibao.

"Langu? Sindano nani alirudisha?"

"Nani alivuta?"

"Ulipiga chafya. Nakumbuka kabisa, ulipiga chafya."

"Mimi sijawahi kupiga chafya kazini."

Kapteni aliuliza kama zamu yake imekaribia. Nikamwambia wifi, kwa upole na kwa nia njema kabisa, kwamba asijali kuhusu fundo hilo, kwamba hilo ni jambo dogo sana kuliondoa kwenye kompyuta.

Walinigeukia wote wawili kwa pamoja.

"Wifi," akasema, "ukiligusa, nakushonea mdomo. Na uzi wa nta ninao."

Nilipiga picha mpaka taa za pikapu zikaanza kufifia. Hazikuwa nzuri. Ningeletewa kazini ningezirudisha: nusu yake ni giza tupu, moja ina kiwiko cha Kizibao, nyingine ina kivuli changu mwenyewe, kichwa kikubwa na mkanda wa kamera, kimelala juu ya bawa kama doa. Kapteni nilimpiga naye, shavu la kushoto. Kisha milango ikafunguliwa, wingu likawa limepasuka upande mmoja, na ndege ikasukumwa nje, ikaunguruma, ikakimbia, ikaondoka ardhini. Nilikuwa na kamera mkononi. Sikuipiga. Nilikuwa nimeifunika kwa viganja viwili, kadi ikiwa ndani, kama mtu aliyebeba yai.

"Umeona?" wifi akaniambia akiifuata kwa macho. "Mimi huyo."

"Na injini," akasema Kizibao.

"Injini ni kelele tu."

Picha zilitumwa siku hiyohiyo kutoka kibandani kwake, na yeye ndiye aliyebonyeza; mimi niliketi mbali, mikono mapajani, kama nilivyoagizwa. Simu ya mkuu wa karakana iliingia Ijumaa, wifi akiwa amebana kiti cha teksi kati ya magoti, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na gundi alinipa ishara niifungue kwa sauti ya wote kusikia.

Yule bwana hakusifu. Aliuliza dawa ilipakwa mara ngapi, na uzi ulikuwa wa nini, wifi akajibu. Aliuliza nani alikuwa upande wa pili wa bawa, wifi akajibu, na kwa haki akamsifia Kizibao. Nikahisi kwamba alikuwa anaikuza picha kwa vidole.

"Safu ya nne," akasema. "Kuna moja limepinda."

Nilimtazama wifi. Alikuwa ameacha kusugua gundi. Kutoka nje zilisikika sauti za wauza vioo vya simu wakiitia wateja.

"Lipo," akasema wifi. "Siku hiyo nilikuja na wifi yangu. Ana shahada. Alikuwa ananieleza kuhusu kazi isiyoonekana, na mimi nikawa najaribu kuifanya huku ananieleza."

Nilifungua kinywa. Sikuwahi kukanyaga banda lile wakati wa kushona, na nilikuwa na ushahidi, na shahidi wa kuaminika mwenye kizibao. Lakini upande wa pili wa simu yule bwana alikuwa anacheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye naye ana ndugu, na alipomaliza kucheka aliuliza kama kuanza kazi tarehe moja ni karibu mno, au Mama Viti angehitaji muda zaidi wa kuisafirisha cherehani. Nikafunga kinywa, nikamshikia simu karibu na mdomo ajibu.